Usiache Hata Moja

Mama alizikwa saa nne asubuhi. Saa sita mchana mwanawe mkubwa alikuwa anagonga ukuta wa chumba cha marehemu kwa nyundo na patasi, bado amevaa shati jeupe la mazishi.

Watu waliokaa nje chini ya turubai walisikia kila pigo. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Bonge la kwanza la saruji likadondoka. Nyuma yake duara safi, upana wa kiganja, alilolitoboa mwenyewe Jumapili iliyopita. Akahamia la pili. Yote manne yalikuwa yamezibwa, mawili ya chini upande wa kivulini na mawili ya juu upande wa pili.

"Njoo uone, mama mdogo," akamwambia dada wa marehemu aliyesimama mlangoni na leso yake mkononi. "Ona kazi ya mwanao, huyo mdogo wangu. Kaziba, halafu kasawazisha juu kama anapamba keki!"

Kazini walimwita Tundu. Wenzake walifunga feni, wakafunga taa. Yeye alifunga matundu. Ndilo jina walilokipa kile kibomba kifupi cha plastiki chenye wavu wa wadudu na kifuniko cha mbavumbavu. Watu walimcheka: "Unauza matundu wewe? Kesho si utatuuzia kivuli!"

"Cheka tu," aliwajibu. "Ukuta ukiota ukungu utanitafuta."

Na walimtafuta. Hewa baridi inaingia chini, ile nzito iliyochoka inatoka juu, bila umeme, bila kelele. Nyumba inapumua yenyewe.

Nyumba za watu, lakini. Kwa mama yake pembe zilikuwa nyeusi tii kwa ukungu, godoro linanuka unyevu, na kikohozi chake ungekitambua ukiwa bado barabarani. Miaka mitatu alimwahidi. Jumapili ile hatimaye akaja, akatoboa. Hata vumbi halijatulia, gari la kazi likapiga honi nje. Safari ya wiki nzima. Akasukuma kasha la matundu manne chini ya meza.

"Sasa baridi yote hii si itapita humu, mwanangu?" mama aliuliza, akijikunja ndani ya shali. "Na jiko langu la mkaa umelitoa nje."

"Jiko lisiingie mpaka matundu yafungwe, mama. Yakishafungwa, ota moto wako."

"Hapo umenena."

Akiwa garini, akirushwarushwa na mashimo ya barabara, akamwandikia mdogo wake ujumbe. Huyo alikuwa mshona viatu, ndiye aliyekaa na mama. Akaandika maneno machache tu, maana watu wa kuuliza na kueleza walimchosha. Akishaagiza, kaagiza. Siku ya pili simu ikalia kuwa kuna jibu. Alikuwa juu ya ngazi; hakuhangaika nalo.

Ijumaa asubuhi wakampigia. Mama hakuamka. Jiko la mkaa lilikuwa kando ya kitanda, majivu bado yana joto.

Alipofika, cha kwanza alichokiona ni kasha, palepale chini ya meza. Utepe wake haujaguswa. Akainua macho ukutani. Akamtafuta mdogo wake, akamkuta kati ya watu.

"Kasha lilikushinda kufungua, saruji ukaipata! Ulikuwa umemchoka mama?"

"Kaka, si wewe ndiye uliye—"

Kibao kikamkata kauli.

"Mimi ndiye nini? Toka! Msiba huu haukuhusu!"

Mshona viatu hakuinua hata mkono. Alijifuta mdomo, akatoka. Asubuhi ya mazishi alilifuata jeneza la mama yake kwa mbali, kama mpita njia. Hata sasa alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, anatazama turubai.

Patasi ikapenya tundu la nne. Mwanga ukaanguka juu ya kitanda kisicho na godoro. Pazia likatikisika. Chumba kikavuta pumzi, na hapakuwa na wa kuitumia.

"Lakini mama yenu alifurahi," mama mdogo akasema taratibu. "Alinipigia Alhamisi. Akasema mdogo wako kamaliza kazi, matundu yamefungwa, leo baridi imezidi, analiingiza jiko lake kama ulivyomruhusu."

"Unaona? Kamdanganya! Kamwambia yamefungwa, kumbe kaziba!"

"Yule? Yule tangu mtoto uongo humkwama kooni, hautoki. Wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambiaje! Ngoja."

Akatupa patasi. Akatoka mpaka katikati ya turubai, vumbi jeupe kichwani, simu mkononi. Watu wote wasikie. Na yule wa ng'ambo ya barabara naye asikie. Akautafuta ujumbe wake, akausoma kwa sauti ya kugombana:

"Dogo, kesho kafunge matundu chumbani kwa mama. Usiache hata moja."

Mzee mmoja akatikisa kichwa, akatazama chini. Mama mdogo akajiziba mdomo kwa leso. Tundu akawatazama mmoja mmoja. Kisha akairudia simu. Chini ya ujumbe wake palikuwa na lile jibu la Jumatatu. Hilo hakulisoma kwa sauti.

"Tayari kaka. Nimeyaziba yote manne kwa saruji. Kama nimekosea niambie, bado mbichi."