Sentensi Moja Tu

Zama hizo, mwandishi akianza riwaya, mwili wake hugeuka kuwa wa mhusika wake, na akiweka nukta ya mwisho hurudishiwa wake. Shekue alimwandika mwanamke. Asubuhi ya kwanza alijitazama kiooni, machozi yakamlengalenga, kama mtu aliyefika kwao baada ya safari ndefu.

Tangu hapo mkewe, Tabu, humsuka mistari mikubwa, ya kufumua upesi.

"Mume wangu, riwaya imebaki sentensi ngapi?"

"Moja tu."

"Hata mwaka jana ulisema moja."

Shekue akajitazama tena kiooni. Vidole vya Tabu vikasimama kichwani mwake, vikakaa hapo kitambo.

"Basi inama," akasema taratibu. "Leo nakusuka midogo midogo, ya kukaa."