Bao la Marehemu Kwenye Mashine Mpya

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, na asiyeamini aende Tanga akaulize. Zama hizo kila kompyuta ikitimiza miaka kumi husagwa kwa amri ya serikali. Bi Mwanahija hakuililia mashine yake. Alililia programu ya bao aliyoitunga marehemu mumewe, yenye sauti yake, maana mashine mpya zote ziliikataa katakata.

"Usihofu, shangazi," fundi Tunu akamwambia. "Nitaifundisha hii mpya ijifanye kikongwe."

Fundi gani yule, jini! Mashine mpya ikakohoa, ikakwama, ikataka kofi la ubavuni kama ile ya zamani, ndipo programu ikakubali kuamka.

"Haya mke wangu, cheza."

Bi Mwanahija akapanga kete kwenye ubao wake wa mti, akawa anataja mchezo wake kwa sauti, na kama kawaida yake ya miaka yote, akaficha mbili kiganjani. Mashine ya zamani ilikuwa na masikio tu. Hii ilikuwa na jicho.

"Mwanahija," sauti ikaita taratibu, "rudisha hizo mbili. Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukinifunga?"

Akazirudisha. Kisha, akilitazama lile jicho, akajitanda khanga vizuri.