Tonge la Wali Langoni

Gavaka alilibonyeza tonge la wali mara ya mwisho, akahakikisha halionyeshi kitu, kisha akalitia kwenye bakuli la mtawa mzee.

Mtawa alipokea kimya, macho chini, kama ilivyo desturi yao. Akajongea na foleni ya lango la mji wa Rajagaha.

Ndani ya tonge lile mlikuwa na yakuti nyekundu, kubwa kama punje ya kunde. Ili aipate, Gavaka alikuwa ameuza maksai wote sita, nyumba ya marehemu babake, hata bangili za mkewe. Watu wa ushuru wangetwaa sehemu moja ya tano. Wakiikuta imefichwa, wangeitwaa yote, na yeye wangemtia pingu. Lakini watawa hawagusi dhahabu wala vito, nchi nzima inajua, kwa hiyo hakuna anayewapekua. Mzee akishavuka lango, Gavaka angemfuata na kuliomba tonge lake.

"Wewe! Mwenye kilemba cha mafundo! Njoo kibandani!"

Alikuwa Dummukha, mkuu wa ushuru, mtu mnene mwenye hasira za karibu. Gavaka akamtupia mtawa jicho. Mbele ya mzee walikuwa wamebaki watu wanane.

"Toka alfajiri sijatia kitu tumboni kwa sababu ya wachuuzi waongo kama nyie," Dummukha alifoka. "Mfumueni hata nywele!" aliwaamuru askari wake, akatoka kwenda kuikemea foleni.

Wakamfumua nywele. Wakazipasua soli za makubadhi yake. Wakamwaga unga wake, wakauchambua kwa vidole. Nje, ngoma ya jua la utosini ikalia, na Gavaka akazidi kuloa jasho. Mzee ameshapita? Na kama ameketi kula, je?

Askari mmoja alikuwa anamlazimisha kufungua kinywa pale Dummukha aliporudi, anajifuta vidole, shavu amelishika kama mwenye jino bovu. Alimtazama Gavaka kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu.

"Mwachieni, maskini. Huyu hana kitu."

"Mkuu, bado hatujapekua mikoba yake ya nguo."

"Nimesema hana kitu! Nenda zako, ndugu yangu. Hata ushuru wa nguo nimekusamehe."

Gavaka hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikimbia pekupeku hadi kwenye kisima kilichokuwa ndani ya lango, na moyo ukamrudi: mtawa alikuwa pale, anasuuza bakuli. Lilikuwa tupu.

"Baba mtawa! Lile tonge langu! Umelila?"

"Nilileje, mwanangu? Ngoma ililia nikiwa bado kwenye foleni, na jua likishapita utosini sisi hatuli." Mzee akalifuta bakuli taratibu kwa upindo wa shuka lake. "Lakini usihuzunike, sadaka yako haikupotea. Nilimpa yule mkuu wa ushuru, nikamwambia imetoka kwako. Maskini, alikuwa na njaa kweli."