Baa Yenye Dirisha Wazi

Kilichomtisha Damaris kwanza ni dirisha. Lilikuwa wazi kabisa, na ndani watu waliimba kama wako harusini, Ijumaa mchana kweupe, katika nchi ambako chupa moja ya pombe yatosha kumtia mtu jela.

Aliingia upesi, akaufunga mlango kwa mgongo.

Ilikuwa baa ya kikwetu hasa, iliyojificha, kama kujificha ndilo neno lenyewe, katika kichochoro cha mji mkongwe wa Jeddah, nyuma ya maduka ya vitambaa. Mabenchi ya mbao, kalenda ya duka moja la Kapsabet, chungu katikati na mirija mirefu ya kunywea. Wateja walikuwa wachache. Kila mmoja alikuwa na begi miguuni.

"Nani amekutuma?" aliuliza mwenye baa, Mama Chebet, mwanamke mpana aliyepakata sweta, joto lote lile.

"Naitwa Damaris. Nimetumwa na Evans, yule wa gari la maji, kule Al-Hamra."

"Uko na ikama?"

"Sina. Kibali kiliisha, na karatasi zote madam amezifungia kabatini."

"Poa sana," alisema Mama Chebet, akaonekana kufurahi kweli. "Na Evans amekuelezea venye tunafanya hapa?"

Hakuelezwa. Evans alimnong'oneza tu langoni, mpira wa maji mkononi: nenda kwa Mama Chebet, wanaokaa pale hufika nyumbani. Kisha bosi, mume wa madam, akatokea, na Evans akainamia mpira wake. Lakini katika nyumba ya madam, Damaris alijifunza kwamba swali halijibiwi kwa swali. Ukielewa, unasema ndiyo. Usipoelewa, unasema ndiyo na kujitafutia mwenyewe. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Ndiyo, amenielezea."

"Haya, keti, mama. Leo huenda wakaja."

Damaris aliketi. Akilini alimwona wakala mwenye mkoba, mtu wa kumtengenezea karatasi za safari. Mkataba wake ulikuwa umekwisha mwaka uliopita. Bosi alisema atamwachia aondoke baada ya Ramadhani, halafu baada ya Hija, halafu akaacha kujibu. Hayo yote angeyavumilia. Lililomshinda ni Stacy, mwanawe, ambaye siku hizi akionyeshwa mama yake kwenye simu hujificha nyuma ya bibi na kuuliza huyo ni anti gani. Siku aliyoulizwa hivyo, Damaris alilia juu ya sinki hadi vyombo vikapoa. Ijumaa iliyofuata alitoka kutupa takataka na hakurudi.

Alivuta mrija. Ulikuwa uji. Uji wa wimbi wenye ndimu na sukari, ambao hata haukuchacha.

"Hii si pombe," alimwambia jirani yake, Onesmo, fundi wa magari Mtanzania aliyemtoroka bosi wake Riyadh.

"Pombe ni jela, dada. Nani anataka jela hapa?" Onesmo alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, kama mtu anayekwenda kuposa.

Wimbo mwingine ukaanza, mkubwa kuliko wa kwanza. Damaris akainuka kufunga dirisha.

"Wacha hiyo dirisha," alisema Mama Chebet.

"Majirani watasikia."

"Majirani wa huku wako na uvumilivu wa ajabu. Wiki nzima tunapiga kelele, na hakuna hata mmoja amelalamika."

Wateja walicheka. Damaris alicheka pia, maana kicheko nacho ni ndiyo ya aina yake. Moyoni aliwahurumia. Kufungiwa sana huharibu akili, alijiambia, na hawa zao zimekwisha. Mwenye macho haambiwi tazama: aliona ngazi ya nyuma inayopanda darini, akahamia benchi lililo karibu nayo. Halikuwa na mtu hata mmoja.

Walikuwa katikati ya kiitikio mlango ulipogongwa. Haikuwa hodi ya mteja. Sauti nzito ya Kiarabu iliamuru ufunguliwe.

Damaris hakungoja. Alipanda ngazi mbiombio, akatokea juu ya paa, akajibana nyuma ya tangi la maji. Saruji ilimchoma magoti. Alitega sikio asikie mayowe ya huko chini, lakini hakusikia yoyote.

Badala yake alisikia Mama Chebet akiliita jina lake.

"Damaris! Damaris, shuka!"

Kumbe mama yule ni mwuza watu. Tangu afike Jeddah, hakuna aliyemwita kwa sauti kubwa ila kwa kumtuma kazi. Aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akafumba na macho. Waite wapendavyo. Al-Hamra hatarudi, hata wamtafute kwa taa.

Alipoondoa viganja, gari lilikuwa likinguruma kichochoroni. Alitambaa hadi ukingoni, akachungulia. Wateja walikuwa wakipanda gari la polisi mmoja mmoja, kwa utaratibu, kila mtu na begi lake. Onesmo alisimama kidogo kupangusa vumbi viatuni. Mama Chebet alikuwa wa mwisho, sweta yake ameshaivaa, mguu mmoja tayari ndani.

"Dakika moja tu, baba," alikuwa akimsihi askari kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Bado mmoja. Naye hana ikama, naye tunataka mmrudishe kwao."

"Halas, basi," alijibu askari, akafunga mlango, na gari likaondoka.