Vidole vya Baba

"Waandikie kwamba nakuja," Baba alisema, akamsukumia Elisifa simu mpya.

Barua pepe ilitoka kwa wageni wake wa miaka mingi. Wangerudi Marangu mwezi ujao, na hawakutaka mtu mwingine wa kuwapandisha mlimani.

Tangu chai ya asubuhi Baba alikuwa akijaribu kujibu mwenyewe. Lakini ncha za vidole vyake zililiwa na baridi ya kileleni zamani, zikabaki ngumu kama pembe, na kioo hakikuzisikia.

"Simu yangu ya batani ilinijua," alinung'unika. "Niliandika kwenye mvua, nikiwa na glavu, bila hata kuangalia. Hii yako ni ya kupigia picha za harusi."

"Ile imekufa, Baba. Hii ina kila kitu."

"Ina kila kitu, lakini vidole vyangu haivitaki!"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja hadi akashika ukuta. Safari iliyopita wapagazi walimshusha kwa machela, naye mpaka leo anasema aliteleza tu.

Elisifa aliutazama mgongo ule. Kisha akaandika kwa kidole gumba, upesi: "Baba hapandi tena. Tafadhali tafuteni mwingine."

Kioo kilimtii mara moja.

"Umewaambia nakuja?"

"Nimewaambia."

"Asante, mama. Bila wewe ningekuwa bubu."

Simu ikatetemeka kiganjani mwake. Baba akavuta kigoda karibu, macho yakimng'aa.

"Ni wao hao. Nisomee, neno kwa neno."