Gitaa Linalojityuni Lenyewe

Siku makochi yalipotoka kwa mlango wa mbele, gitaa liliingia kwa mlango uleule. Tangu hapo wageni wa nyumba ile walikalia ndoo zilizopinduliwa na kufunikwa vitambaa vya kufuma.

"Hili halihitaji kutyuniwa," Paka alimweleza mama mkwe wake, aliyekuwa ameshika ukuta asianguke na ndoo. "Unabonyeza kitufe hiki tu, nyuzi zinajikaza zenyewe. Teknolojia hiyo, mama."

"Na makochi?" akauliza mama mkwe. "Nayo yatajirudisha yenyewe?"

Paka akajifanya hakusikia. Jina hilo la Paka alipewa na wenzake wa bendi, wala si kwa wepesi wa miguu. Gitaa lake la zamani lilikuwa likilia kama paka aliyebanwa mkia na mlango, maana masikio ya mwenyewe, Mungu amsamehe, hayakuwahi kutofautisha uzi uliokaza na uliolegea. Ndiyo maana alilitaka hili jipya kwa udi na uvumba.

Na kweli lilifanya kazi. Si palepale, la. Siku ya kwanza alibonyeza kitufe, akapiga, na kule jikoni mke wake akaangusha sufuria. Paka akaenda kuoga amenuna. Aliporudi akapiga tena, sufuria haikuanguka. Tangu hapo akazijua tabia zake: anabonyeza, anaenda kuoga, anajisugua bila papara, akitoka nyuzi zimeshajipanga. Muuzaji alimwambia kwamba kazi yote ni ya sekunde chache, tena utasikia mlio kama wa nyuki. La Paka lilikuwa kimya kabisa.

"La kwangu ni daraja la juu," aliwatambia wenzake. "Haraka haraka haina baraka."

Mke wake alikuwa akifundisha nyimbo kwenye shule ya watoto wadogo. Kwa mlio wa bawaba tu alijua ni jirani yupi anayetoka nje. Wanasema mapenzi ni upofu. Ya kwake yalihitaji na uziwi kidogo.

Basi, kiongozi wa bendi ya hoteli kubwa alimsikia Paka Jumamosi moja ukumbini, akampigia simu.

"Nyuzi zako zimepangwa kwa sikio la ajabu," alisema. "Mtu mwenye sikio hilo ndiye ninayemtafuta. Njoo Alhamisi mchana."

Paka nusura aruke hadi darini. Kazi ya kudumu, yenye mshahara! Akiikosa, ni kurudi kubeba saruji dukani kwa shemeji yake. Tena mke alikuwa ameshatamka: "Ukikosa hiyo, gitaa linauzwa, makochi yanarudi. Mgongo wangu umechoka na ndoo."

"Nikose vipi? Wewe kaa mkao wa kula."

Alhamisi, kabla ya kutoka, alibonyeza kitufe akaenda kuoga kama kawaida. Maji yakakatika akiwa na povu kichwani. Akatoka na taulo, jicho moja amelifumba, na alichokiona sebuleni kikamfumbua na la pili. Mke wake amekaa juu ya ndoo, gitaa limelala mapajani, sikio amelibandika kwenye mbao, na mkono wake unazungusha vishikizo vya kukazia nyuzi kimoja baada ya kingine.

"Kumbe ni wewe!"

Mke akashtuka. "Mimi nini? Nilikuwa... nafuta vumbi."

"Kwa sikio?"

"Nisikilize kwanza, mume wangu..."

"Nisikilize nini? Unaniharibia ili makochi yako yarudi! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea!"

Ilimuuma kwelikweli. Mtu waliyeapiana shida na raha, leo anamuuza kwa sababu ya makochi! Akamnyang'anya gitaa, akalegeza nyuzi zote sita ili kuufuta uharibifu wa mkewe, akabonyeza kitufe upya, akavaa harakaharaka na kuondoka na povu nyuma ya masikio. Litajipanga njiani.

"Usiende nalo hivyo!" mke alimpigia kelele mlangoni. "Utaaibika!"

"Utaaibika wewe na ndoo zako!"

Kule hotelini, kiongozi wa bendi alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani. Alikaa mbele ya jukwaa, akampa ishara kwa kichwa. Paka akapiga. Mpiga ngoma akashika shavu kama mwenye jino bovu. Mhudumu aliyekuwa akipanga viti akaviacha, akatoka nje.

"Hebu acha kwanza," alisema yule mama. "Jumamosi haikuwa hivi."

"Huwa linajityuni lenyewe, mama. Labda limechoka na safari." Paka akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena, jasho linamtiririka. "Kwa kawaida mimi huenda kuoga kwanza."

Mama alipanda jukwaani. Kisha akalichukua gitaa, akaligeuza, akafungua kifuniko kidogo cha mgongoni, na kwa kucha zake akachomoa kipande cha nailoni.

"Hiki huwekwa kiwandani kuzuia betri isiishe. Mnunuzi hukitoa siku ya kwanza. Gitaa lako hili, mwanangu, halijawahi kuwaka hata dakika moja."

Paka akakipokea kile kipande cha nailoni. Akakigeuza huku na huku.

"Vidole kama vyako ninavyo tele," aliendelea mama, akivaa miwani na kutoa simu yake mkobani. "Mimi nilikuwa namtafuta mwenye sikio. Unayo namba yake?"