Tundu la Baridi

Fundi alichomoa soksi kutoka kwenye tundu la baridi, akabaki ameishika mkononi.

Friji lilikuwa la milango miwili, upande mmoja wa kugandishia na mwingine wa kuhifadhia vyakula, na baridi hupitia katika tundu hilo kutoka upande ule kuja huu. Soksi ilikuwa ya mtoto wa shule, imekunjwa vizuri na kusukumwa hadi ndani. Haikujiingiza yenyewe.

Juu ya meza, simu ilikuwa kwenye spika. Aliyekuwa akiongea ni mwana wa mama mwenye nyumba. Ndiye aliyelituma friji hilo kutoka ughaibuni.

“Mama, limeharibika tena? Mbona kila tukiongea ni habari ya friji tu?”

“Na likiwa zima hupigi,” mama alisema, kisha akacheka harakaharaka, kama mtu aliyeponyokwa na neno.

“Kazi zimenibana, mama. Umekula lakini?”

“Nimekula, baba.”

Alikuwa ameinamia simu mpaka pumzi zake zikaacha ukungu kwenye kioo. Alipoinua uso, aliiona soksi mkononi mwa fundi. Midomo ikamcheza.

“Fundi, umeliona tatizo? Nachelewa kazini.”

Fundi aliitia soksi mfukoni.

“Bado, kaka. Usikate simu. Ongea na mama, mimi naendelea kutafuta.”

Akachukua bisibisi, akaanza kulegeza skrubu ambazo hazikuwa na kosa lolote.